Kabari za Fundi Bonifasi

Ilianza Jumanne, tarehe 8 Juni 1954, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nina uhakika hata wa ile nusu saa kwa sababu niliiandika, na daftari lenyewe ninalo hapa mezani, limeliwa na mende pembeni lakini linasomeka. Sikulitafuta. Baada ya arobaini ya binamu yangu Agatha, mwanawe aliniletea likiwa limefungwa kwa kipande cha kanga, akasema, "Mama alisema likurudie wewe." Hakujua ndani kuna nini, na mimi sikumweleza. Nilikuwa sijaliona tangu nikiwa na miaka kumi na sita, tangu siku liliposomwa mbele za watu kwenye baraza la jirani yetu, na kwa miaka mingi nilijiambia kwamba limetupwa. Usiku nilipoletewa sikuligusa. Kesho yake nikavaa miwani, nikafungua, na mstari wa kwanza niliokutana nao ulikuwa huu: "Leo kabari ya nguzo ya pili imelegea. Nimeing'oa kwa vidole viwili. Kuna mtu."

Kuna mtu. Ndivyo nilivyokuwa mwaka ule. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya masista, mwaka wangu wa pili wa sekondari, na nilirudi na mambo mawili mapya: aibu iliyonizuia kuinua macho mbele ya watu wazima, na tabia ya kuwaandika watu hao hao mara tu wakigeuka. Sista wetu alitutaka tuandike kila siku tulichokiona, siyo tulichokisikia. Mimi nilikuwa nikisikia kuliko nilivyokuwa nikiona, na vyote niliviandika kwa wino mmoja.

Nyumba ilikuwa ya Bibi, huko Lipangalala, nyumba ya matofali ya udongo yasiyochomwa, na paa la bati ambalo watu walikuwa wakilionyeshana kwa kidole enzi za kujengwa kwake. Mwezi wa nne mto Lumemo ulikuwa umefurika, maji yakaingia ndani yakakaa siku tatu. Yalipotoka, ukuta wa kati ulikuwa umefanya tumbo. Ukuta ule ndio uliotenganisha sebule na chumba cha Bibi, na ndio uliobeba paa: boriti zote ziliegemea juu yake. Huwezi kuubomoa ukuta kama huo halafu ukaenda kunywa chai. Ikabidi aitwe Fundi Bonifasi, mtu wa upande wa Mahenge, mfupi, mpole, mwenye vidole vilivyopasuka kwa udongo. Akaleta magogo manne yaliyonyooka, mawili upande wa sebule na mawili chumbani kwa Bibi. Juu ya kila jozi akapitisha boriti nene chini ya mbao za paa. Chini ya kila nguzo akalaza kipande cha ubao sakafuni, na kati ya ubao na nguzo akapigilia kabari mbili zinazoelekeana, huku moja na kule moja, mpaka bati zikalia juu na paa likainuka kidogo sana, kiasi cha kuachana na ukuta. Hapo ndipo alipoanza kuubomoa ukuta, tofali moja moja, kwa adabu, kama mtu anayetoa miiba mguuni mwa mtoto.

Bibi alikataa kuhama. "Babu yenu alinileta ndani ya chumba hiki," alisema, "na nikitoka nitatoka nimebebwa." Alikuwa anaumwa miguu, amelala kwenye kitanda cha kamba hatua tatu tu kutoka nguzo ya pili. Mimi aliniita mke mwenzake. "Mke mwenzangu, huyo fundi wako ananitazama sana." Nikamwambia, "Bibi, anatazama nguzo." Akacheka. "Wote huanza hivyo hivyo."

Sasa nikitazama nyuma naona nyumba nzima ilikuwa ikisubiri sababu ya kumshuku mtu, na fundi ndiye aliyekuwa mgeni. Baba yangu mdogo, Kasiani, alikaa ng'ambo ya njia, na yeye ndiye aliyesimamia kazi. Mchana alikula na fundi sahani moja, wali mpya wa mavuno na perege wa kukaanga, akamsogezea hata kichwa cha samaki. Jioni alikuja nyuma ya jiko letu kuzungumza na Shangazi Katarina, nami nikiwa ndani napepeta mchele ninasikia kila neno. "Katarina, umemwona anavyokula? Mtu anayekula vile hana haraka ya kumaliza." Shangazi akasema, "Udongo unatakiwa ukauke, Kasiani. Ndivyo alivyosema, safu tatu halafu unangoja." "Ndivyo alivyosema! Kule Mlabani nyumba ya mwenye duka aliishikilia kwa magogo miezi miwili. Mwenye duka akawa anaomba ruhusa ya kuingia chumbani kwake mwenyewe." Shangazi akacheka, kisha akaacha kucheka. Nakumbuka zaidi pale alipoacha.

Basi Jumanne ile niliamka kabla ya wote, kama kila siku, kufagia na kusiriba sakafu. Kwetu msichana hakufundishwa hilo, alizaliwa nalo. Unachukua udongo wa kichuguu, unauloweka kwenye ndoo na majivu kidogo, unapiga magoti, unausambaza kwa kiganja kwa nusu duara, nusu duara, unarudi nyuma mpaka mlangoni. Ukikauka sakafu inang'aa kama kibuyu. Kwa kuwa wageni walikuwa wanakuja kumjulia hali Bibi, na fundi anaacha vumbi kila siku, Shangazi alitaka pasiribwe kila asubuhi badala ya kila Jumamosi. Nilipofika kwenye nguzo ya pili mkono wangu ukagusa kabari, ikacheza. Nikaivuta. Ikatoka.

Fundi alipokuja nikamwamkia, "Shikamoo, fundi," nikanyoosha mkono wenye kabari bila kusema zaidi. Akaipokea, akaigeuzageuza, akanitazama muda mrefu. "Nani ameitoa?" Nikasema, "Ilikuwa imelegea." Akachuchumaa, akaipigilia tena, na nilimsikia akisema peke yake, "Nyumba hii ina mtu." Nikaandika hilo pia. Sikujua kwamba yeye alikuwa akitushuku sisi, kwamba alidhani Baba Mdogo anamchezea ili amharibie jina. Maneno "nyumba hii ina mtu," yakitoka kwenye kinywa chake, niliyaona kuwa ya mtu anayejikinga kabla hajashikwa.

Jumatano ikalegea tena, na Alhamisi pia. Nikatoa rula yangu ya shule na kuanza kupima: nafasi kati ya kabari na kitako cha nguzo, nguzo zote nne, asubuhi na jioni. Daftari limejaa hesabu hizo, robo inchi, nusu inchi, na mwandiko wake ni mzuri kuliko mwandiko wangu wowote wa baadaye. Agatha, binti wa Shangazi, aliyekuwa na miaka kumi na minne na mdomo wa mtu wa arobaini, alisema ni wachawi. "Usicheke, Dora. Kuna mama mmoja hapo nyuma hajafurahia bati hili tangu liwekwe." Mimi nilikuwa nimesoma; wachawi sikuwataka. Nilitaka mtu mwenye miguu. Ndipo nikabuni mtego, na niliona ni jambo la akili kuliko yote niliyowahi kufanya. Kila jioni, fundi akishaondoka, nililoweka udongo wa kichuguu mwingi zaidi, nikausiriba mbichi, mzito, kuzunguka kila nguzo, upana wa mikono miwili, mpaka juu ya vipande vya ubao, ili atakayekuja kugusa kabari aache unyayo wake. Asubuhi, kabla ya kufagia, nakagua. Sikuona kitu ila vidole vya kuku. Udongo laini, haujaguswa, na kabari zimelegea kuliko jana.

Mtu mwingine angesimama hapo akajiuliza swali lingine. Mimi niliendelea mbele na swali lile lile. Kama hakuna anayeingia jioni wala alfajiri, basi aliyelegeza ni yule anayetoka mwisho. Nikaanza kumvizia fundi. Tarehe 15 nimeandika: "F.B. amebaki peke yake chumbani muda wa Baba Yetu mbili na Salamu Maria moja. Nimesikia nyundo ikigonga polepole." Alikuwa anakaza, bila shaka. Anakaza kwa sababu zimelegea, na anagonga polepole kwa sababu Bibi amesinzia. Leo naona hivyo bila shida yoyote. Siku ile nyundo ikigonga polepole ilikuwa ushahidi, na kama ingegonga kwa nguvu ingekuwa ushahidi pia. Nikamwonyesha Shangazi ukurasa ule. Shangazi alisoma kwa kufuatisha kidole, akanirudishia daftari, akasema, "Endelea kuandika." Sijawahi kusifiwa namna ile. Usiku nilisikia mashavu yangu yakiwaka moto.

Kuanzia hapo chakula cha fundi kikabadilika. Hakuna aliyetoa amri. Wali ukawa ugali, perege akawa mboga ya majani ya kunde, na Baba Mdogo akawa hali naye tena. Fundi alikula peke yake amekaa juu ya rundo la matofali mapya, akiutazama mlango. Siku moja aliniita. "Binti, wewe ndiye unayeamka wa kwanza humu?" Nikasema ndiyo. "Na hukumwona mtu?" Nikasema hapana. Nilisema nikitazama miguu yangu, kama nilivyomjibu kila mtu, lakini najua yeye aliona mtu anayeficha jambo. Akatikisa kichwa. Tukaachana hivyo, kila mmoja amemtia mwenzake hatiani moyoni.

Jumamosi tarehe 19, saa nne asubuhi, ukuta mpya ukiwa umefika kifuani, nguzo ya pili iliinama. Nilikuwa sebuleni. Nilisikia kwanza sauti kama ya mtu anayekata muwa kwa goti, halafu bati zote zikapiga kelele kwa pamoja, na boriti ya upande wa chumbani ikashuka. Haikuanguka yote; ilishuka kiasi cha mkono mzima, ikaja ikakalia ukuta mbichi, na safu za juu zikamwagika ndani kama mchanga. Vumbi likafunga kila kitu. Mlango wa Bibi ulikuwa umebanwa na kizingiti. Fundi hakukimbia nje; hilo nimeliandika pia, kwa haraka, na kwa namna ambayo haimsaidii: "F.B. alikuwa wa kwanza kufika, kama aliyejua." Aliingia kwa dirisha la Bibi, akaegemeza bega lake chini ya ile boriti, akapiga kelele waletewe gogo lolote, na wakati jirani yetu Mzee Polikapi akihangaika na gogo, Baba Mdogo alimtoa Bibi dirishani akiwa amefunikwa shuka. Bibi alikuwa mweupe kwa vumbi. "Nimekufa?" akauliza. "Hujafa, mama." "Basi ugoro wangu umebaki chini ya mto."

Watu walicheka kwa hofu. Baba Mdogo hakucheka. Alisema tu, "Kesho baada ya misa."

Tulikaa kwenye baraza la Mzee Polikapi kwa kuwa nyumba yetu haikuaminika. Walikuwapo watu saba wa kusikiliza: Baba Mdogo, Shangazi, Mzee Polikapi na mkewe, wajomba wawili wa jirani waliosaidia kuinua paa, na katekista. Katekista ndiye aliyekuwa na uzito. Alikuwa anajenga kanisa la kigango upande wa Lumemo, na kila mtu alijua kazi ile alikwisha kumwahidi Fundi Bonifasi. Fundi aliketi kwenye kigoda, kofia mkononi, bega lake limevimba hata ungeliona juu ya shati. Shangazi akanigusa mgongoni. "Mpe Baba yako Mdogo." Nikatoa daftari.

Baba Mdogo alisoma vizuri, kwa sauti ya kanisani. Alisoma siku na saa, robo inchi na nusu inchi, mtego wa nyayo, nyundo iliyogonga polepole, Baba Yetu mbili na Salamu Maria moja. Aliposoma "kama aliyejua," mke wa Mzee Polikapi akasema "Eeh!" na kufunika mdomo. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nguzo haikuvunjika wala kabari haikutolewa. Nguzo imezama. Mwacheni mtu ainue ule ubao wa chini atazame. Nilikuambia siku ya kwanza, Kasiani, kwamba pale pasilowe."

"Palowe na nini?" Baba Mdogo akamjibu. "Mvua imekwisha tangu mwezi wa tano. Nani amemwaga maji ndani ya nyumba?"

"Sijui. Ndiyo maana nasema tuinue."

"Hutagusa kitu mle tena. Umekula kwetu wiki mbili, umetaka kutulazia mama yetu chini ya bati. Nenda."

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu na miguu ya Shangazi. Neno "pasilowe" nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza. Mikono yangu ilikuwa na udongo wa kichuguu kwenye mikunjo ya vidole, kama siku zote. Naandika haya nikiwa mzee na sioni faida ya kujipaka rangi nzuri: nilijua pale pale. Kusiriba hatukukuita kumwaga maji, mwanamume asingefikiria, Baba Mdogo hakufikiria hata kunifikishia lile onyo, lakini mimi ndiye niliyebeba ndoo. Nikanyamaza. Katekista akamtazama fundi, akasema taratibu, "Basi kuhusu kigango tutazungumza siku nyingine," na kila mtu alielewa kwamba siku hiyo haipo. Fundi akavaa kofia, akasema, "Kwaherini," akaondoka bila kudai mwiko wake na timazi lake la kunyooshea ukuta vilivyobaki kwetu. Shangazi akachukua daftari, akalitia kwenye sanduku lake la nguo.

Alasiri, watu walipokwenda kulala, niliingia ndani. Gogo la dharura lilikuwa limeshika boriti, na ile nguzo ya pili ilikuwa imelazwa pembeni. Nikapiga magoti nikatia vidole chini ya kipande cha ubao, nikainua. Kulikuwa na shimo kama bakuli, lenye kina cha vidole vinne, na udongo wake ulikuwa laini kama ugali wa mgonjwa. Pembeni mwa shimo ilionekana mistari ya kiganja changu, nusu duara, nusu duara. Sakafu nzima iliyobaki ilikuwa ngumu. Nilijaribu kwa kisigino. Palipolowa ni pale tu nilipomtegea mtu.

Agatha akanikuta nimekaa pale. Nikamweleza. Alisikiliza, kwa mara ya kwanza maishani mwake hakunikatiza, kisha akafunga mlango. "Nyamaza, Dora. Ameshaondoka. Ukisema, watasema umetaka kumuua Bibi, na shule hutarudi. Baba yako Mdogo ndiye anayekupeleka kwenye lori la shule." "Na fundi?" "Fundi ni mtu wa Mahenge. Atakwenda pengine." Sikumwona mbaya kwa kusema hivyo na leo simwoni mbaya. Alikuwa anajaribu kuniokoa kwa kile alichokuwa nacho. Jioni tulikula wali na mchuzi wa kambale nyumbani kwa Mzee Polikapi, sisi sote, na mazungumzo yalikuwa juu ya fundi. Mzee Polikapi alisema alimshuku tangu alipoona anavyoshika nyundo. Mkewe akasema yeye tangu alipoona viatu. Kila aliyezungumza alikuwa amemshuku tangu zamani, na kila mmoja akamaliza kwa kusema, "Huyu mtoto ndiye aliyetufungua macho," na kunisogezea nyama ya samaki. Niliila. Ilikuwa tamu, na hilo pia ni kweli.

Kesho yake, Jumatatu, sikusiriba. Nilitoka kabla ya jua nikaenda alikopanga fundi, mwisho wa mtaa. Nikamkuta anafunga mzigo wake kwa kamba, mkewe anafunika moto. Nikamwamkia na kumwambia yote nimesimama, kuanzia ndoo mpaka bakuli. Akaniambia nimwonyeshe kwa mkono, nikapiga magoti kwenye uwanja wake, nikazungusha kiganja juu ya vumbi. Akatazama. "Kila asubuhi?" "Na kila jioni." "Hata juu ya ubao?" "Hata juu ya ubao." Akavuta pumzi. "Nilimwambia Kasiani. Kumbe mwenye maji alikuwa akiniamkia kila siku." Nikamwomba twende wote nyumbani. Mkewe ndiye aliyenijibu, bila kugeuka. "Haendi. Lilisemwa mbele ya watu wangapi?" Nikasema saba. "Basi unawajua wanapokaa."

Nilianza kwa katekista kwa sababu nilimwogopa zaidi. Nilisema "Tumsifu Yesu Kristo," nikasema sentensi yangu, ile niliyoipanga njiani: kwamba nguzo ilizama kwa udongo nilioulowesha mimi, kwamba fundi alionya, kwamba nilijua jana na nikanyamaza. Aliacha kunywa uji wake. Hakuniambia lolote kuhusu kigango, alichukua fimbo yake tu akaelekea upande nilikotoka. Nikaenda kwa mjomba wa kwanza, akanifukuza. Nikaenda kwa wa pili, akacheka mpaka akakaa chini. Mzee Polikapi aliniambia nirudie, kwa kuwa sauti yangu haisikiki, nikarudia, na mkewe akatoka jikoni nikarudia tena kwa ajili yake, na nyuma ya pazia nikamsikia Bibi, aliyekuwa amelazwa kwao, "Mke mwenzangu, sema kwa nguvu, na mimi nilikuwa chini ya hilo bati." Shangazi alikuwa ananing'iniza nguo kwenye kamba. Alinisikiliza ameshika shuka la Bibi kwa mikono yote miwili, halafu akaendelea kuanika, akaanika lile shuka moja mara mbili.

Habari zilikuwa zimenitangulia kuvuka njia. Baba Mdogo alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono nyuma, shati la kazi, na nilipofika mbele yake niliinua macho.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

Hakuitikia. "Nasikia unazunguka nyumba za watu. Umemaliza?"

"Bado," nikasema. "Umebaki wewe."